Jua Lililotua Saa Tisa

Nilikaribia kukosa mume kwa sababu ya jua. Si jua la ukame, wala lile la kuunguza mahindi. Ni jua la Denmaki, nchi ambayo mpaka leo sijaikanyaga na sina hamu nayo. Nikiwasimulia wajukuu hucheka, nami huwaacha wacheke, ingawa wakati ule mimi sikuona cha kuchekesha.

Tulikaa Dundori, kwenye shamba la Mzungu aliyelima pareto na viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Baba alikuwa nyapara wa ng'ombe, lakini kazi aliyoipenda kwa moyo ilikuwa nyingine. Nyuma ya ofisi ya shamba palikuwa na kopo la shaba, nusu yake imefukiwa ardhini, la kupimia mvua. Kila asubuhi saa tatu kamili Baba alilifungua, akamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho likalingana na maji, akasoma. Mvua ilihesabiwa kwa inchi, na kila inchi ilikuwa na pointi mia. Aliandika pointi hizo kwenye karatasi ya Bwana, kisha akazinakili kwenye daftari lake mwenyewe la shule. Hilo la pili hakuna aliyemwagiza.

Hakuwahi kukosa. Alipima siku ya Krismasi. Alipima akiwa na homa, amejifunga blanketi mbili, kofia kichwani. Siku aliyozikwa mama yake, watu wazima walisimama njiani na jeneza begani wakimngoja mtu mmoja aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya ofisi, na aliporudi aliwaambia, kana kwamba waliuliza, "Pointi nne." Mama alisema aliolewa na watu wawili, Baba na kopo, na kwamba kopo ndilo lililotangulia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nimesoma mpaka darasa la sita, nikifundisha watoto wa shamba kusoma. Nilikuwa nimechumbiwa na kijana kutoka upande wa Subukia, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa mjini Nakuru. Mbuzi wa kwanza walikuwa wameshaletwa na chai imenywewa. Ndipo wamisionari waliomsomesha wakamtafutia nafasi ya mwaka mmoja Denmaki, kwenye shule ya kutengeneza jibini na siagi. Zilikuwa siku ambazo sisi tulihitaji karatasi yenye mhuri hata kushuka Nakuru, na yeye akapata karatasi ya kuvuka bahari. Alikuja kuaga na suti ya kuazima, mikono ya koti ikiishia karibu na viwiko. Aliahidi kwamba ataandika.

Aliandika kweli. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kwetu barua ya msichana asiyeolewa haikuwa yake. Iliandikwa jina lake juu, lakini ilifunguliwa na baba yake na kusomwa kwa sauti mbele ya jamaa, ili kila mtu ajue hakuna kilichofichwa. Baba alizisoma Jumapili mchana, tukishatoka kanisani, ameketi mlangoni penye mwanga. Alisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Mchumba wangu aliujua utaratibu huo kama mimi. Alijua pia kitu ambacho Baba alikipenda duniani. Basi, kama kijana mwenye akili anayetaka kumpendeza baba mkwe, aliniandikia mimi, mchumba wake, kurasa mbili mbili za hali ya hewa.

"Mpendwa," Baba alisoma, na mimi nikainamisha uso kwa haya. "Wiki hii kulikuwa na mvua siku tano. Ni mvua nyembamba isiyo na haraka. Hainyeshi, inakaa tu hewani."

"Mvua ya namna hiyo haijazi kopo," Baba alisema. "Endelea." Alijiambia mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa akisoma.

Nilingoja barua ifike mwisho, mahali ambapo mtu husema neno moja la moyoni. Mwisho wake ulikuwa upepo kutoka magharibi.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya miti. Alisema miti ya nchi nzima imegeuka rangi, mingine ya manjano, mingine myekundu kama damu, na majani yanaanguka hata barabara hazionekani. Baba aliiweka barua gotini.

"Miti ya nchi nzima inakufa mara moja," alisema, "na huyu kijana haandiki ni ugonjwa gani?"

"Labda itaota tena," Mama alisema.

"Mti uliokufa utaota tena?"

Mama alirudi kwenye viazi vyake. Mwezi uliofuata ilikuwa ukungu, siku kumi na moja bila kuona kivuli cha mtu. Hilo Baba alilikubali, kwa kuwa Dundori nayo ina ukungu wa kuheshimika. Aliniamuru nimjibu. Majibu yaliandikwa nami, lakini maneno yalikuwa yake, na kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea yote. Hivyo nilimwandikia mwanamume niliyempenda kwamba hapa tumepata pointi sitini na mbili katika siku nne, na ng'ombe mwekundu amepona kwato. Niliongeza salamu zangu mwishoni. Baba aliziruhusu, akisema hazichukui nafasi kubwa.

Nakiri nilikuwa na hasira. Wasichana wenzangu walipata barua za vijana waliokuwa Mai Mahiu tu, chini ya ukingo wa bonde, wakipakia magari, na barua hizo zilisomwa huku shangazi zao wakifunika midomo kwa khanga. Zangu zilimvutia mzee wa kupima mvua. Nilianza kujiuliza kama mchumba wangu bado ana neno lolote kwa ajili yangu, au amebaki na mawingu tu.

Kisha, karibu na mwaka mpya, ikaja ile barua.

Nakumbuka jua lilivyokuwa kali siku hiyo. Mwezi wa kwanza kwetu ni kiangazi, anga safi, vumbi la pareto mpaka kwenye nyusi. Baba alisoma kwamba huko sasa ni baridi kabisa, kwamba maji ya ndoo yameganda nje ya mlango. Kidole kikaendelea. Kikasimama. Kikarudi nyuma.

"Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi," alisoma, "na kutua saa tisa na nusu mchana."

Baba aliinua macho akalitazama jua.

"Jua gani hiyo inalala saa tisa?" Baba akauliza. Aliuliza kwa upole, na upole wake ulinitia hofu kuliko kelele. "Saa tisa mimi niko na ng'ombe malishoni. Saa tisa ni mchana. Kwa nini inaitwa saa tisa? Si kwa sababu jua limetembea masaa tisa? Sasa hii yake imetembea saba tu ikachoka?"

Ni vigumu kuwaeleza watu wa leo. Kwetu saa haikuwa kitu cha mkononi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likitua ni saa kumi na mbili, mwaka mzima, tangu babu zetu. Mtu anayekuambia jua limetua saa tisa ni sawa na anayekuambia shilingi ina senti sabini. Huwezi kumpa mtu huyo mkono, sembuse binti.

"Labda alikosea kuandika," nikasema.

"Mtu akikosea kuandika, hukosea mara moja. Huyu amekosea asubuhi na jioni. Na hiyo baridi yake! Baridi ni mwezi wa saba, kila mtu anajua. Yeye anaganda mwezi wa kwanza."

Mama akamshauri aulize kwa Bwana, kwani Bwana ni Mzungu na bila shaka anaijua Ulaya. Shauri lilikuwa zuri, na ndilo lililonimaliza. Bwana wetu alikuwa amezaliwa Afrika Kusini na Ulaya aliijua kwa picha kama sisi. Baba, ambaye hakuona tofauti kati ya Mzungu na Mzungu, alimwuliza tu baridi ya kwao ni mwezi gani, na siku zinakuwa fupi lini. Bwana akamjibu kwa ukweli mtupu: mwezi wa sita na wa saba, na siku zinapungua, ndiyo, lakini kidogo.

Baba alirudi nyumbani anatembea kama hakimu.

"Mwezi wa sita," alisema. "Mwenyewe amesema. Mwezi wa kwanza kwao ni joto, wanakula matikiti. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ni fupi kama siku zake."

Akatoa uamuzi. Mtu anayedanganya kuhusu jua, alisema, jua ambalo kila mwenye macho analiona, atadanganya kuhusu mshahara, kuhusu pombe, kuhusu wanawake. Mbuzi watarudi Subukia. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya zizi nikalia mpaka kamasi zikanikata pumzi. Sikujua kama jua la Denmaki linalala saa tisa au halilali. Nilijua kwamba ninamtaka mtu yule, awe mwongo au asiwe, na kwamba hakuna mahali pa kuliandika hilo.

Walioniokoa kwa muda ni mbuzi wenyewe. Walikuwa wamezaa, na Mama akauliza, akipepeta maharagwe wala hainui kichwa, kama wanarudishwa na watoto au bila watoto. Jambo hilo lilihitaji wazee. Wazee walihitaji kikao. Usiku ule Mama alimwambia Baba jambo la pili, nami nilisikia kupitia ukutani: "Wewe ukitoka Mai Mahiu husema kuna joto mpaka mawe yanatoa jasho. Nani alikurudishia mbuzi?"

Asubuhi Baba aliniita na kalamu.

"Andika," alisema. "Mwambie maneno ya mdomo nimeyasikia. Sasa nataka kitabu. Kila siku, tarehe, jua limepanda saa ngapi, limeshuka saa ngapi, mvua pointi ngapi. Kama mimi. Asiporuka siku nitaona, na akiruka nitaona. Akimaliza mwezi wa sita alete. Kitabu kitasema kama ni mtu."

Niliandika. Niliogopa, kwa sababu nilimjua Baba. Mtu aliyekuwa akipima kabla yake alifukuzwa kwa kujaza karatasi akiwa kitandani, na ni Baba aliyemgundua, kwa kusoma tu. Mvua ya kitandani, alisema, huwa na tarakimu nzuri.

Jibu lilikuja jembamba. "Nimepokea, Baba. Nitafanya hivyo." Baada ya hapo, kimya. Mvua ndefu zikaja na kwenda, viazi vikavunwa. Jumapili zilipita bila barua na bila hata wingu moja la Denmaki, nami niliyekuwa nimelalamikia hali ya hewa nikaanza kuililia. Shangazi alikuja mara mbili kunieleza habari za mwenye duka mmoja, mjane, meno yote kamili. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kwamba mwenye duka angalau ana jua la kawaida.

Kifurushi kilifika mwezi wa saba, katika baridi yetu wenyewe, Dundori nzima imevaa ukungu na koti. Ndani yake mlikuwa na daftari lenye jalada gumu, na safu zimepigwa kwa rula: tarehe, kupanda, kushuka, mvua, maelezo. Safu ya mwisho Baba aliitazama kwa mashaka. Karatasi ya Bwana haikuwa na maelezo.

Hakusoma kwa sauti. Alikaa nalo siku tatu. Akitoka kwa ng'ombe alilifungua, akalinganisha siku na siku, akihesabu kwa vidole. Mimi nilipika, nikaunguza, nikapika tena. Jumapili akatuita.

"Jua lake linatembea," alisema, bila utangulizi. "Leo dakika mbili mbele, kesho dakika mbili. Haliruki. Linakuja kama ng'ombe anayerudi nyumbani, pole pole. Siku nyingine ameandika, jua halikuonekana, saa nimechukua kwenye kalenda ya ukutani. Mwongo haandiki kwamba hakuona. Mwongo huona kila siku." Akafungua mahali alipokunja kona. "Lakini sikilizeni hii. Mwezi wa pili. 'Theluji ilijaa kwenye kopo. Niliibeba ndani nikaiyeyusha polepole, kopo limefunikwa, kisha nikapima maji. Pointi kumi na mbili.'"

Alitutazama mmoja mmoja. Hatukuelewa.

"Ameiyeyusha!" Baba akapaza sauti. "Mvua ya mawe ikianguka hapa, mimi hufanya nini? Nayapima mawe? Naingiza kopo ndani, nalifunika, nangoja yawe maji. Nani alimfundisha? Mtu hawezi kubuni jambo hilo. Lazima usimame mbele ya kopo, mikono imekufa ganzi, ujiulize sasa hii nitaipimaje." Akapiga goti lake. "Aisifuye mvua imemnyea."

Hivyo ndivyo nilivyopata mume, kwa pointi kumi na mbili za theluji iliyoyeyushwa. Kuhusu mwezi wa kwanza kuwa baridi, Baba aliamua kwamba Bwana ndiye aliyekosea, na hakupata kumwamini tena kikamilifu.

Lakini hakuwa amemaliza. Alifungua ukurasa mwingine, akasita, akasogeza daftari karibu na macho, ingawa macho yake hayakuwa na kasoro.

"Mwezi wa tatu, tarehe ishirini na moja. Jua limepanda saa kumi na mbili na dakika kumi. Limeshuka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tatu. Maelezo: 'Leo jua limefanya kama la Dundori.'" Kidole kikashuka mstari mmoja. "Tarehe ishirini na mbili. Kupanda, hakuna. Kushuka, hakuna. Mvua, hakuna. Maelezo: 'Sikupima. Nilikumbuka nyumbani, na mtu mmoja kuliko wote.'"

Mama, aliyekuwa akipepeta maharagwe, alisimamisha ungo wake. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimengoja neno hilo kwa miezi kumi na moja, na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwa baba yangu, aliyelisoma kwa sauti ile ile ya kusomea pointi.

Baba alifunga daftari. "Hiyo si hali ya hewa," alisema, akainuka akaenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mchumba wangu alirudi mwezi wa nane, mwembamba, suti sasa ikiwa yake na mikono ya koti inafika mahali pake. Baba alimkaribisha kwa kumwuliza kama ni kweli mwezi wa sita jua lilikuwa likitua saa nne usiku, kama daftari lilivyosema. Akajibu kwamba ni kweli, na kwamba alitundika blanketi dirishani ili alale. Baba alimpa pole kama mtu aliyefiwa. Nilipopata nafasi nilimwuliza kwa nini hakuwa akiniandikia chochote ila mawingu. Alisema, "Nilikuwa nikimwandikia atakayesoma." Nikamwambia angalau angeweka salamu. Akasema aliogopa zisichukue nafasi.

Tulioana Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, katika mvua fupi. Mvua ya siku ile haikuwa fupi. Ilianza usiku ikaendelea mpaka tunatoka kanisani, na viatu vyangu vyeupe nilivivua nikavishika mkononi kama kuku. Asubuhi, walipokuwa wakinivika nyumbani, Baba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mapajani. Nilimwona anatazama mvua. Nikamwambia, "Baba, saa tatu imefika." Akasema, "Najua." Nilidhani ataenda baadaye kidogo, na kwa kuwa nilikuwa na mengi kichwani, sikumfikiria tena.

Baba alikufa akiwa mzee sana, akiwa ameshahama shamba lile na kununua kopo lake mwenyewe. Madaftari yake ninayo mimi, kwenye sanduku, pamoja na lile la Denmaki. Mwaka jana mvua ilituzuia ndani nikayatoa kuyapangusa vumbi, nikayapitia mwaka kwa mwaka. Hakuna siku iliyoachwa. Krismasi ipo. Mazishi ya bibi yapo, pointi nne. Katika mwaka ule, kuanzia mwezi wa saba, niliona amepiga mstari mpya kwa rula, mkono wa kulia, akaandika juu yake "Maelezo." Safu hiyo ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Ilijazwa mara moja tu, mwezi wa kumi na moja, siku ya harusi yangu. "Sikupima," ameandika. "Msichana anaondoka."

Nilimwita mume wangu nikamwonyesha. Alivaa miwani, akasoma, kidole kikitangulia. Nilingoja aseme lile neno la Baba kuhusu hali ya hewa, kwa maana amelitania miaka yote hii. Hakulisema. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, muda mrefu.

Ilinyesha sana siku ile, hilo nalijua, viatu vyangu havikupona. Lakini ilikuwa pointi ngapi, hakuna anayejua.